Kizazi Kilichokataa Kuacha: Chimbuko la Ushabiki wa Kudumu wa Anime nchini Japani

Katika Japani ya miaka ya 1960 ilieleweka karibu katika kila nyumba kwamba katuni za televisheni ni za watoto, na kwamba mtoto akishaingia shule ya kati, akiwa na umri wa miaka 12 au 13, huachana nazo bila kuambiwa, kama anavyoachana na viatu visivyomwenea tena. Mtu mzima mwenye kazi na familia ambaye bado anafuatilia mfululizo wa katuni alioupenda utotoni, anayewajua wachoraji wake kwa majina na aliyeyaweka kabatini majarida yote yaliyouzungumzia, hakuwa na nafasi katika jamii hiyo, kwa kuwa hakuwapo. Leo mtu huyo yupo Tokyo, Manila, Paris na Los Angeles, na kampuni nyingi huishi kwa fedha zake. Kuzaliwa kwake ni tukio la kihistoria lenye tarehe na mahali. Hoja inayotetewa katika makala haya ni kwamba ushabiki wa kudumu haukubuniwa na kampuni zilizotengeneza filamu hizo, ambazo kwa muda mrefu hazikuwa na habari nao, bali uliundwa na vijana waliotafuta kila njia ya kuirudia kazi waliyoipenda na kuihifadhi isiwapotee, na kwamba sehemu kubwa ya jambo hilo ilitendeka katika miaka michache tu, kati ya 1972 na 1984.

Anime ni jina ambalo Wajapani huzipa filamu za uhuishaji za aina zote, yaani zile ambazo picha nyingi zilizochorwa hupigwa moja baada ya nyingine na kuonyeshwa kwa kasi hadi zionekane kutembea. Nje ya Japani jina hilo hutumika kwa filamu zilizotengenezwa Japani peke yake. Sanaa yenyewe ni kongwe kuliko mashabiki wake. Filamu za kwanza, fupi mno, zilionyeshwa mwaka 1917, zikiwa kazi za watu watatu, Shimokawa Oten, Kitayama Seitaro na Kouchi Jun'ichi (majina ya Kijapani yanaandikwa hapa kwa kutanguliza la ukoo, kama yanavyotajwa kwao). Kwa miongo minne iliyofuata, mtu aliyeguswa na filamu ya aina hii aliiona sinemani, kisha filamu ikaondoka, naye akabaki na kumbukumbu. Mnamo Aprili 1945, mwezi mmoja baada ya Osaka kuteketezwa kwa mabomu ya moto, mwanafunzi wa miaka 16 aitwaye Tezuka Osamu aliingia katika ukumbi wa Shochikuza mjini humo akatazama filamu ya propaganda iliyogharimiwa na jeshi la wanamaji, kazi ya mwongozaji Seo Mitsuyo kuhusu Momotaro, shujaa wa ngano za Kijapani, na licha ya shabaha yake ya kivita ilimgusa kiasi cha kumfanya aazimie kutengeneza filamu za namna hiyo yeye mwenyewe. Mwaka 1958 kijana mwingine, Miyazaki Hayao, akiwa katika mwaka wa mwisho wa sekondari, alitazama filamu ndefu ya kwanza ya rangi ya kampuni ya Toei Doga, iliyohusu hadithi ya kale ya Kichina ya nyoka mweupe, na mwaka 1963 akaajiriwa na kampuni hiyohiyo. Visa hivi husimuliwa mara kwa mara kama hadithi za vipaji, lakini vinafundisha jambo jingine pia: aliyependa katuni kwa dhati katika enzi hizo hakuwa na njia ya kubaki nazo isipokuwa kuzitengeneza.

Televisheni ndiyo iliyoandaa uwanja wa mabadiliko. Tarehe 1 Januari 1963 kituo cha Fuji kilianza kurusha Tetsuwan Atom, mfululizo wa kampuni ya Tezuka iitwayo Mushi Production, uliohusu mvulana wa chuma mwenye nguvu za atomiki, ukionyeshwa kila wiki kwa nusu saa hadi mwisho wa mwaka 1966, jumla ya sehemu 193. Ili kuiwahi kazi ya kila wiki kwa fedha kidogo, wachoraji walipunguza idadi ya michoro, wakatumia picha zilizosimama na kuzitumia upya zile zilizokwisha kuchorwa, na pengo la mapato likazibwa na biashara ya bidhaa zenye sura ya shujaa huyo. Mdhamini wake, kampuni ya peremende ya Meiji Seika, alitoa vibandiko vya Atom pamoja na chokoleti zake, na watoto wakavibandika kila mahali palipokubali gundi. Mfano huo wa biashara ulienea haraka katika vituo vyote, na kwa muda wa miaka 10 iliyofuata katuni za Kijapani zilihesabika kuwa matangazo ya peremende na midoli yenye hadithi ndani yake. Jambo ambalo wadhamini hawakulipima ni kwamba walikuwa wakilea kizazi cha kwanza cha binadamu kilichokua na anime ya kila wiki, na kwamba watoto waliokuwa na miaka 5 mwaka 1963 wangekuwa na miaka 16 mwaka 1974.

Dalili ya kwanza ilitoka kwa wasichana. Mwaka 1972 ulirushwa Umi no Triton, mfululizo wa sehemu 27 uliotokana na katuni ya Tezuka na kuongozwa na Tomino Yoshiyuki, kuhusu mvulana wa ukoo wa baharini anayepigana na maadui waliowaangamiza watu wake, hadi sehemu ya mwisho inapomfunulia kwamba maadui hao nao walikuwa wahanga na kwamba ushindi wake umewaua wasio na hatia. Mfululizo huo haukufanikiwa kwa hesabu za kituo, lakini wasichana wa shule za kati na sekondari waliunda vilabu kwa ajili yake, wakaandikiana barua na kuchapisha vijarida. Wanahistoria wengi wa anime huanza masimulizi ya ushabiki na mwaka 1974, na kwa kufanya hivyo huwaacha nje wasichana hawa, ingawa mbinu zote ambazo wavulana walisifiwa kwazo baadaye, yaani klabu, barua na kijarida, wao walikuwa wamekwisha kuzitumia.

Mfululizo uliogeuza dalili kuwa wimbi ulikuwa Uchu Senkan Yamato, yaani manowari ya angani Yamato, uliotayarishwa na Nishizaki Yoshinobu kwa mchango mkubwa wa mchoraji Matsumoto Leiji, na kuanza kuonyeshwa tarehe 6 Oktoba 1974. Hadithi yake ni ya mwaka 2199, wakati dunia imekauka kwa mionzi ya mabomu yanayotupwa na adui kutoka sayari nyingine, na binadamu waliobaki, wakiwa wamejificha chini ya ardhi, wanaichukua manowari iliyozamishwa mwaka 1945 na kuigeuza chombo cha angani ili kikalete kifaa cha kuisafisha dunia kutoka sayari ya mbali, kwa safari ya kwenda na kurudi miaka-nuru 148,000 kila upande. Kila sehemu ilimalizika kwa kuhesabu siku zilizosalia kabla ya binadamu kutoweka. Hesabu hiyo ilimfunga mtazamaji kwa namna ambayo katuni za kila wiki hazikuwa zimezoea, kwa kuwa hadithi ilisonga mbele bila kurudi mwanzo, watu walikufa na kubaki wamekufa, na aliyekosa wiki moja alipoteza kitu halisi. Hata hivyo ilirushwa saa ileile ya Jumapili jioni ambayo kituo cha Fuji kilikuwa kikionyesha Heidi, hadithi ya msichana wa milima ya Uswisi iliyoongozwa na Takahata Isao kwa ushiriki wa Miyazaki, ambayo familia nyingi ziliipenda. Na kwa kuwa nyumba nyingi zilikuwa na televisheni moja tu, kijana aliyetaka Yamato alishindwa na wadogo zake na mama yake. Watazamaji walikuwa wachache, mpango wa sehemu nyingi zaidi ukakatwa, na tarehe 30 Machi 1975 mfululizo ulikoma katika sehemu ya 26.

Kwa desturi ya biashara hiyo, kazi iliyoshindwa ingesahauliwa. Kilichoiokoa ni utaratibu wa vituo kurudia vipindi vya zamani saa za alasiri kwa bei nafuu, ili kujaza muda usio na thamani kubwa. Wanafunzi waliotoka shuleni walikuta televisheni haina mgombea, na Yamato ikatazamwa upya, mji baada ya mji, na watu wengi kuliko wale walioiona mara ya kwanza. Marudio hayo yana umuhimu mkubwa kuliko yanavyopewa kwa kawaida, kwa sababu mtazamaji anayeirudia hadithi akiwa anaujua mwisho wake haangalii tena kujua nini kitatokea. Huanza kuona jinsi ilivyotengenezwa, namna mwanga ulivyochorwa juu ya chuma, mahali muziki unapoingia, tofauti ya mkono wa mchoraji mmoja na mwingine.

Mashine za kurekodi video zilikuwa zimeanza kuuzwa madukani, aina ya Betamax mwaka 1975 na VHS mwaka 1976, lakini bei yake ilikuwa nje ya uwezo wa mwanafunzi. Vijana walitumia walichonacho. Kinasa sauti cha kaseti kiliwekwa mbele ya spika ya televisheni, watu wa nyumbani wakaombwa wasiseme neno kwa nusu saa, na sauti yote ya kipindi ikanaswa pamoja na kikohozi cha baba na mlango wa jikoni; kisha kaseti ilisikilizwa usiku hadi msikilizaji akaijua kwa moyo, kila kauli na kila kimya. Wengine waliweka kamera mbele ya kioo na kupiga picha matukio waliyoyangojea. Kazi hii ya kunasa sauti bila picha na picha bila sauti ilikuwa ya shida, na shida hiyo ndiyo iliyozaa mapenzi ya kudumu, kwani mtu aliyeijenga upya kazi ya sanaa vipande vipande chumbani mwake huifahamu kwa kiwango ambacho mtazamaji wa kawaida hakifikii. Kampuni za santuri zilitambua njaa hiyo baadaye, zikatoa sahani zenye sauti za tamthilia za anime zikiwa zimehaririwa, nazo zikanunuliwa kwa wingi.

Vilabu vya mashabiki wa Yamato viliongezeka nchini kote, vingi vikiongozwa na wanafunzi wa sekondari na vyuo vikuu, na Nishizaki, tofauti na watayarishaji wengine wa wakati wake, aliviona kuwa nguvu. Alikata na kuunganisha mfululizo wa televisheni ukawa filamu ya sinema, na alipokosa fedha za kuitangaza alivitegemea vilabu, ambavyo wanachama wake walibandika mabango na kupiga simu redioni kuomba wimbo wa Yamato uchezwe. Filamu hiyo ilianza kuonyeshwa Tokyo tarehe 6 Agosti 1977, na usiku wa kuamkia siku hiyo vijana walilala kando ya barabara mbele ya kumbi za sinema, jambo lililowashangaza waandishi wa habari ambao hawakuwa wamewahi kuona watu wakikesha kwa ajili ya katuni, tena katuni ambayo wote waliokuwa kwenye foleni walikwisha kuitazama nyumbani. Zaidi ya watu milioni 2 waliiona. Filamu ya pili, iliyotoka Agosti 1978, iliipita ya kwanza.

Sambamba na hayo kulikuwa kukikua taasisi ambayo haikumhitaji mtayarishaji yeyote. Tarehe 21 Desemba 1975, katika ukumbi mmoja wa Tokyo, kikundi cha wahakiki vijana kilichoitwa Meikyu, ambamo alikuwamo Yonezawa Yoshihiro, kiliandaa soko la vijarida ambavyo Wajapani huviita dojinshi, yaani machapisho ambayo watu wenye mapenzi ya jambo moja huyaandika, huyachora na kuyachapisha kwa fedha zao wenyewe. Soko hilo, Comic Market au kwa kifupi Comiket, lilianza na vikundi 32 na wageni wapatao 700, na kwa mara nyingine walio wengi walikuwa wasichana wa shule, wasomaji wa katuni za Hagio Moto na wenzake. Waanzilishi waliweka msingi kwamba hapana mteja wala mwuzaji pale, wote ni washiriki, na kazi zote za kupanga meza, kuongoza foleni na kufagia ukumbi hufanywa na watu wanaojitolea. Msingi huo ungalipo hadi leo, ingawa soko linakusanya mamia ya maelfu ya watu mara mbili kwa mwaka. Kwa msichana wa mwaka 1976 ambaye darasani kwake hapakuwa na mwingine wa kuzungumza naye, meza ya Comiket ilimpa wasomaji, marafiki na sababu ya kuendelea mwaka unaofuata. Vikundi vya mashabiki wa anime viliingia humo haraka, na katikati ya miaka ya 1980 hadithi ambazo wanawake walizichora kuhusu wachezaji soka wa katuni ya Captain Tsubasa zilijaza meza nyingi kiasi cha kubadili sura ya soko lote. Wengi wa wachoraji hao waliolewa, wakalea watoto, na wakaendelea kuchora.

Wachapishaji wakubwa walifuata nyayo za vijarida. Mwaka 1977 jarida jipya liitwalo OUT, ambalo halikuwa la anime, lilitoa toleo la pili likiwa na makala ndefu kuhusu Yamato, likauzwa kuliko ilivyotarajiwa, na Mei 1978 kampuni ya Tokuma Shoten ikatoa Animage, jarida la kila mwezi la anime peke yake, Yamato ikiwa kwenye jalada la kwanza. Majarida haya yalifanya jambo ambalo televisheni ilikuwa ikilificha katika maandishi madogo ya mwisho wa kipindi: yaliwataja watu. Wasomaji walijifunza tofauti kati ya mwongozaji, msanifu wa wahusika na mchoraji wa picha kuu, yaani yule anayechora mikao muhimu ya mwendo huku wasaidizi wakijaza ya katikati. Walianza kumtambua Kanada Yoshinori kwa miguu iliyokunjwa, miali ya moto yenye pembe na miendo ya ghafla, bila kuangalia jina lake, na huenda hakuna mchoraji wa picha kuu kabla yake aliyekuwa na wafuasi wa namna hiyo. Wengine walibisha hodi katika studio zenyewe kuomba seli, yaani karatasi angavu za plastiki ambazo kila mchoro ulihamishiwa kabla ya kupigwa picha, na ambazo studio zilizitupa kama takataka baada ya kazi. Ukiishika seli mkononi unaona mistari imechorwa upande wa mbele, na ukiigeuza unakuta rangi zimepakwa nyuma, nzito na zisizolingana unene, kila eneo limefungwa kwa brashi ya mtu, mara nyingi mwanamke aliyelipwa kwa idadi ya seli. Kijana aliyekuwa na kipande hicho alikuwa ameshika sehemu ya sekunde ya kitu alichokipenda, na alijua sasa kwamba kilitengenezwa na mikono.

Mzunguko uleule wa kushindwa na kufufuka ulijirudia kwa Kido Senshi Gundam, mfululizo wa Tomino ulioanza tarehe 7 Aprili 1979. Mdhamini, kampuni ya midoli iitwayo Clover, alitaka roboti za kuuzia watoto wadogo. Tomino aliweka roboti hizo ndani ya vita kati ya dunia na makoloni ya angani, vita ambavyo havina upande wa watu wabaya tupu, na rubani wake ni kijana wa miaka 15 anayechoka, anayeogopa na anayekimbia jeshi. Midoli haikuuzika vizuri, na sehemu 52 zilizopangwa zikakatwa zikawa 43. Mwezi Julai 1980, miezi sita baada ya mfululizo kukoma, kampuni ya Bandai ilitoa vipande vya plastiki vya kuunganisha vya roboti hizo, kwa kipimo cha 1 kwa 144 na kwa bei ya yeni 300, na mambo yakageuka. Mdoli wa Clover ulikuja umekamilika ili mtoto auchezee; kifaa cha Bandai kilikuja vipande, kikamtaka mwenye nacho akate, agundishe, asugue kwa msasa na apake rangi, na waliojitosa humo walianza kubuni marekebisho yao wenyewe, kutafuta makovu ya vita yanayostahili kila chuma, na kubishana kuhusu uzito na urefu kana kwamba ni mashine za kweli. Hata bei yake ndogo iliwafaa wanafunzi. Marudio ya televisheni yalivuta watazamaji zaidi, na filamu tatu za sinema zikapangwa.

Kabla ya filamu ya kwanza, tarehe 22 Februari 1981, maelfu ya vijana, 15,000 kwa makadirio yanayotajwa zaidi, walikusanyika mbele ya kituo cha reli cha Shinjuku, Tokyo, kwa mkutano ambao waandaaji waliuita tangazo la karne mpya ya anime. Umati ulisukumana hadi ikahofiwa watu wangekanyagana, na Tomino aliwasihi watulie, akiwakumbusha kwamba ajali moja siku hiyo ingewapa watu wazima ushahidi waliokuwa wakiungojea dhidi yao. Walimsikia, na hakuna maafa yaliyotokea. Tamko lenyewe, lililodai kwamba kizazi kilichokua na anime kina haki ya anime ya kwake, lilisomwa na mashabiki wawili waliovaa mavazi ya wahusika, Nagano Mamoru na Kawamura Maria. Miaka mitatu baadaye Nagano alikuwa msanifu wa wahusika na roboti katika mfululizo mwingine wa Tomino, na Kawamura akawa mwigizaji wa sauti katika mfululizo huohuo. Katika historia nzima ya ushabiki wa Kijapani ni vigumu kupata mfano ulio wazi kuliko huu wa jinsi ukuta kati ya mtazamaji na mtengenezaji ulivyokuwa mwembamba katika miaka hiyo.

Osaka ilitoa mfano wa pili. Agosti 1981, kwenye mkutano wa taifa wa wapenzi wa hadithi za kisayansi ulioitwa Daicon III, ilionyeshwa filamu fupi ya ufunguzi iliyochorwa na wanafunzi watatu wa Chuo Kikuu cha Sanaa cha Osaka, Anno Hideaki, Yamaga Hiroyuki na Akai Takami, wakisaidiwa na marafiki wasio na ujuzi wowote wa kazi hiyo, kwa mkanda wa milimita 8. Anno alikuwa ameitazama Yamato mwaka 1974 akiwa na miaka 14. Filamu mpya waliyoitengeneza kwa Daicon IV mwaka 1983 iliwajaza humo wahusika wengi wa anime na filamu walizozipenda, na ilikuwa na ufundi wa kuwatoa jasho wataalamu. Baadaye Anno alikabidhiwa na Miyazaki kazi ya kuchora jitu la kivita katika filamu yake ya Nausicaa, na Desemba 1984 kundi la Osaka likaanzisha kampuni yake, Gainax. Nausicaa yenyewe ilizaliwa kwa mkono wa jarida la mashabiki, kwani ilianza Februari 1982 kama katuni ya kuchapishwa ndani ya Animage, baada ya wenye fedha kukataa kugharimia filamu isiyotokana na kitabu. Wakati huohuo bei ya mashine za video ilishuka, na Desemba 1983 ikatoka Dallos, iliyoshirikisha mwongozaji Oshii Mamoru, anime ya kwanza kutengenezwa ili iuzwe moja kwa moja kwa kaseti bila kupitia televisheni wala sinema. Kwa kaseti hiyo kampuni zilikiri kwamba yupo mnunuzi mwenye umri na fedha zake mwenyewe, anayetaka kazi abaki nayo.

Kubaki kulikuwa na gharama. Mwaka 1983 mwandishi Nakamori Akio, katika makala ya jarida la Manga Burikko, aliwapa washiriki wa Comiket jina la otaku kwa maana ya watu walionyauka wasiojua kuishi na wengine, na kwa miaka sita jina hilo lilizunguka miongoni mwao wenyewe. Mwaka 1989 alikamatwa mtu aliyewaua wasichana wadogo wanne katika wilaya za Tokyo na Saitama, na vyombo vya habari vikaonyesha chumba chake kilichojaa maelfu ya kaseti za video. Kuanzia hapo jina la otaku lilikuja kumaanisha mshukiwa. Vijana walificha majarida yao, wazazi walipekua vyumba, waajiri waliuliza maswali, na watu wengi waliokuwa wamedumu tangu Yamato waliishi muongo mzima bila kumwambia mwenzao wa kazini wanachokipenda. Kosa hilo lililotendewa kundi zima la watu kwa sababu ya uovu wa mmoja halijasemwa vya kutosha, na ni haki kulisema. Jeraha lilianza kupona pale Neon Genesis Evangelion, mfululizo wa Anno ulioonyeshwa kuanzia Oktoba 1995, ulipogeuka gumzo la taifa zima, la wasomi na magazeti yaleyale.

Nje ya Japani njia zilitofautiana. Marekani ilikuwa na bahati ya kiufundi, kwa kuwa wakati huo ilitumia mfumo uleule wa televisheni kama Japani, hivyo kaseti iliyorekodiwa Tokyo ilichezeka Los Angeles bila kubadilishwa. Mei 1977 ilianzishwa huko Cartoon/Fantasy Organization, ambayo miongoni mwa waasisi wake alikuwamo Fred Patten, na wanachama wake walikaa saa nyingi mbele ya filamu zisizotafsiriwa, wakipokea maelezo ya mdomo au karatasi za muhtasari. Ufaransa na Italia zilipata mfululizo wa roboti Grendizer kwenye televisheni za taifa mwaka 1978 na watoto wakaupokea kwa kishindo. Kisa kinachogusa zaidi ni cha Ufilipino, ambako Voltes V, hadithi ya ndugu watatu na wenzao wanaopigana na wavamizi waliotoka katika himaya ya watwana na mabwana, ilipigwa marufuku na Rais Ferdinand Marcos mnamo Agosti 1979, kwa sababu iliyotajwa ya kuzidi kwa ukatili, zikiwa zimebaki sehemu chache tu kabla ya mwisho. Watoto wa Ufilipino walikaa miaka bila kujua hadithi inaishaje, na katika miaka hiyo Voltes V iliungana akilini mwao na kumbukumbu ya utawala ule. Baada ya Marcos kuondolewa mwaka 1986 filamu ilirudi. Mwaka 2023 kituo cha GMA, kilekile kilichoirusha kwanza, kilionyesha mfululizo mpya wa waigizaji hai uliotokana nayo, kazi iliyobuniwa na watu waliokatishwa hadithi wakiwa watoto.

Kizazi cha kwanza sasa kimezeeka, na shughuli yake kubwa imekuwa kuhifadhi. Yamato ilitengenezwa upya mwaka 2012 chini ya uongozi wa Izubuchi Yutaka, msanifu wa roboti aliyekuwa shabiki wake tangu ujana. Mwaka 2017 Anno na wenzake walianzisha shirika lisilo la faida la kukusanya na kutunza michoro, seli na sanamu za filamu, vitu vilevile ambavyo studio zilikuwa zikivitupa wakati wao wanabisha hodi. Yonezawa Yoshihiro aliliongoza soko la Comiket kwa zaidi ya miaka 25 hadi alipofariki mwaka 2006, akiacha nyumba iliyojaa vitabu, majarida na vijarida vya kujichapishia, na mwaka 2009 Chuo Kikuu cha Meiji kilifungua maktaba yenye jina lake katika mtaa wa vyuo wa Kanda, jijini Tokyo. Mtafiti yeyote anaweza kuomba aletewe mezani machapisho ya mashabiki wa miaka ya 1970, ambayo wenye kuyatengeneza walikuwa wanafunzi wa sekondari walioambiwa kwamba umri wao wa katuni umepita.